Namba Mbili Katika Kadi

Kadi ya gari ina namba mbili ambazo abiria hana haja nazo. Ya kwanza ni ya chesi, ile iliyogongwa kwenye mwili wa gari. Ya pili ni ya injini. Ya chesi gari huzaliwa nayo na hufa nayo. Ya injini hubadilika, na mimi nadai kwamba hapo pamefichwa kipande kikubwa cha historia ya mji huu wa Dar es Salaam ambacho hakijaandikwa ipasavyo.

Tukisoma habari za usafiri wa mjini tunakutana na mambo yaleyale: UDA ilianza 1974, daladala zikaruhusiwa 1983, mabasi yaendayo haraka yakaanza kazi 2016. Tarehe ni za kweli, sibishani nazo. Lakini hizo ni tarehe za leseni na hotuba. Leseni haisukumi gari. Kinachosukuma gari ni injini, na kwa miaka mingi injini iliyosukuma mji huu haikuwa mpya. Ilikuwa imeshakufa mara moja au mbili, ikafufuliwa chini ya mwembe na mtu mwenye ovaroli lenye mafuta, ambaye jina lake halimo kwenye kadi.

Hebu kwanza tuelewane jinsi injini inavyokufa, maana kuna washkaji wanaodhani hufa ghafla. Ipo inayonoki siku moja barabarani, lakini nyingi huzeeka. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda maelfu ya mara kwa dakika, ring zake zikisugua ukuta. Vumbi likipita kwenye chujio la hewa lililochanika, linafanya kazi ya msasa. Taratibu silinda inapanuka, tena haipanuki sawasawa. Huliwa zaidi upande wa juu. Oili inapenya na kuungua, moshi wa bluu unatoka nyuma. Mgandamizo unapungua, na gari lililokuwa likipanda Kimara kwa gia ya tatu sasa linalia kwa gia ya kwanza huku konda akiwaomba wanaume washuke.

Dawa yake ni ovahoo. Injini inashushwa kwa cheni bloku, inafunguliwa yote, bloku inapelekwa kwa mwenye mashine ya kuchonga. Silinda zinapanuliwa hadi ziwe duara kamili tena, kisha zinawekwa pistoni kubwa zaidi. Kwa injini nyingi za Kijapani ukubwa huo huenda kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, mpaka 1.00. Injini za Kiingereza zilihesabu kwa sehemu za elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Krenki nayo husagwa, ikawa nyembamba, ikatafutiwa beringi nene. Hatua zikiisha, silinda hupigwa slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya tundu la zamani, na hesabu inaanza upya.

Kama gari halina muda wa kungoja, na gari la biashara kamwe halina muda, mwenyewe hangojei injini yake ichongwe. Ananunua iliyokwisha kufufuliwa, anaacha ile mbovu kwa fundi kama sehemu ya bei, na siku ya pili yuko barabarani.

Wapo wanaoyaona haya kama ujanja wa watu maskini. Si kweli. Huko Ford kwenyewe, katika miaka ya 1930, mteja aliweza kurudisha injini iliyochoka akapewa iliyotengenezwa upya. Perkins wa Peterborough, Uingereza, walioanza 1932, walipata soko kwa kutia injini zao za dizeli ndani ya malori yaliyozaliwa na injini za petroli. Katika vita vikuu vya pili, jeshi la Waingereza lilikuwa na karakana kubwa huko Misri ambako magari yaliyochakaa jangwani yalitengenezwa upya.

Na vita hivyo ndivyo vilivyoleta kazi hii kwetu kwa wingi. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland hawakwenda kubeba bunduki tu. Wengi waliendesha malori ya jeshi, na lilikuwapo jeshi la mafundi wa umeme na mitambo wa Afrika Mashariki. Waliorudi 1945 na 1946 walirudi na spana vichwani. Wengine wakaingia reli, wengine idara ya kazi za umma, wengine kwenye karakana za Wahindi na Masingasinga, ambako Mwafrika aliitwa spana boi hata akiwa na mvi. Spana boi kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli na kushika taa. Lakini anayeshika taa ndiye anayeona kila kitu. Shule hiyo haikuwa na ubao wala cheti, na walimu wenyewe wala hawakukusudia kufundisha.

Gari lililoipenda shule hiyo, kwa maoni yangu, ni Peugeot 404. Watu wanaikumbuka kwa East African Safari: ilishinda 1963, ikashinda tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania. Mafundi waliipenda kwa jambo lisilo na makofi. Silinda zake ni slivu zinazochomoka, zimezungukwa na maji. Huhitaji mashine ya kuchonga. Unavuta slivu nne zilizochoka, unaweka nne mpya na pistoni zake, unafunga. Fundi wa Singida, mbali na mashine yoyote, aliweza kuirudishia ujana. Land Rover yenye injini ya petroli ya cc 2286 ilikuwa na bloku ya kuchonga, kwa hiyo ilimlazimu mwenye gari kutafuta mashine, na mashine zilikuwa mijini.

Kisha ikaja miaka ya tabu. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda, na ndani ya miezi michache ikawa karibu mara nne. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na njia ya spea kutoka Nairobi ikazibwa. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera. Malori ya watu na ya mashirika yakaenda vitani, na mengine yaliyorudi yalirudi yakivutwa. Fedha za kigeni zikakauka. Magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali ili kubana mafuta. Mabasi ya UDA yakawa yanalala karakana, si kwa sababu yote yamekufa, ila hakuna ring, hakuna gasketi, hakuna beringi.

Wazee wanapotusimulia enzi hizo hutuambia habari za foleni za sukari na sabuni. Wenye magari wana habari zao. Hapo ndipo lilipozaliwa lile gari ambalo Mwingereza wala Mjapani aliyelibuni asingelitambua: Land Rover yenye injini ya Toyota, Bedford yenye moyo wa Isuzu. Kutia injini ya kabila jingine si kulegeza nati na kukaza nati. Injini lazima ikutane na giaboksi ya wenyewe, kwa hiyo fundi alichonga bamba la chuma la kuziunganisha, akalenga katikati kwa jicho na kipande cha waya, maana likienda kombo kidogo tu linamaliza beringi. Mikono ya kushikia injini ilikatwa kwenye chuma cha reli ya zamani. Hesabu hizo hazikuandikwa popote. Ni hesabu, lakini.

Mwaka 1983 ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na ndio mwaka magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa rasmi kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na hapo, husema wengi, ndipo jina daladala lilipotoka. Mabasi mapya yangetoka wapi mwaka ule? Walioitikia walileta vilivyokuwapo uani: pikapu zilizopigiwa bodi na mabenchi ya kutazamana, zile zilizoitwa Chai Maharage kwa sababu abiria walikaa kama walio mezani hotelini. Serikali ilitoa ruhusa. Injini walitoa mafundi.

Mlango ukafunguka kidogo katika bajeti ya 1984, mwenye fedha zake za kigeni alipoachiwa aingize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Miaka ya ruksa ikafuata. Mwaka 1986 shilingi ilishuka kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola moja, ikawa kitu kipya kimezidi kuwa ndoto huku kilichotumika kikimiminika. Japani ilikuwa na kitu tulichohitaji: nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, na yenye ukaguzi mkali wa magari kila baada ya miaka miwili, unaomfanya mwenye gari aone heri aliuze. Gari lisilofaa kuuzwa zima lilikatwa nusu, injini ikapanda meli, mara nyingi kupitia Dubai na Sharjah. Gerezani na Shaurimoyo zikajaa injini zilizopangwa kama madafu.

Hapa ndipo mjadala ulipoingia hata nyumbani kwetu. Kaka yangu ana Hiace, injini ya 2L ya dizeli, na moshi wake ulifika mahali ambapo trafiki hakuhitaji hata filimbi. Mkopo ulikuwa haujaisha. Yeye alitaka injini ya Dubai, kama wengi: ikitoka nje ni nzuri, ikifufuliwa hapa ni ya kuunga-unga. Fundi wetu, mtu mzima aliyeanza kushika taa akiwa mtoto, alikuwa na 2L yake aliyoifufua, bei pungufu.

"Shikamoo, fundi," kaka alisema. "Mimi nataka kitu cha uhakika."

"Marahaba. Uhakika gani? Ile ya Dubai umeiona ndani?"

"Haijafunguliwa, ndio uzuri wake."

"Haijafunguliwa, basi huijui. Imepakwa rangi ya silva tu. Hii yangu njoo uisome."

Neno hilo, uisome, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alikuwa bado hajafunga sampo. Akalegeza kifuniko kimoja cha beringi, akaigeuza, akanionyesha mgongoni mwake namba ndogo iliyogongwa: 0.25. Krenki imesagwa mara moja. Akaleta pistoni za zamani alizozitoa, juu ya kichwa zimeandikwa 0.25 pia, mpya alizoweka ni 0.50. Silinda ya 2L ilizaliwa na milimita 92. Kwa hiyo bloku hii ilikwisha kufa mara mbili, ikachongwa mara mbili, na alama zake zote zimo mwilini mwake, bila uongo, kwa yeyote anayejua kuzisoma. Sisi tunaosaka historia kwenye majalada yenye vumbi tumepitwa na jalada lenye oili.

Sitaki kuwapamba mafundi wote. Wapo wanaozuga. Wapo wanaoweka ring mpya kwenye silinda iliyopanuka, wanatia oili nzito ili moshi usitoke kwa wiki mbili, wanapokea hela na namba ya simu haipatikani. Jirani yetu alitapeliwa hivyo hivyo na karakana moja, akauza kiwanja kulipa deni. Ndiyo maana fundi wetu alimwambia kaka asimwamini hata yeye. Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe. Fungua kifuniko cha oili uone kama inapumua moshi. Weka tone la oili kwenye karatasi nyeupe utazame kama lina chembe zinazong'aa. Halafu lipa.

Kaka alikwenda asubuhi. Akawasha, akafungua, akatazama karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akalipa. Ile mbovu ilibaki pale chini ya mwembe, ikingoja zamu yake ya kuchongwa. Baadaye tukafuata taratibu za kuandikisha, maana injini ikibadilika namba nayo lazima ibadilike. Ukikamatwa na namba isiyo ya kwenye kadi, utaitwa mwizi wa gari lako mwenyewe. Kadi ikatoka na namba ya injini mpya. Ya zamani imo kwenye jalada la ofisi. Jina la fundi halimo, wala hakuna mstari wa kuliandika.

Kutoka kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani unaweza kwenda kwa miguu hadi zilipo injini. Vijana wanaoshika taa sasa wanashika simu, tochi yake ikiwaka, na wanajifunza mitambo ya kompyuta kwenye injini ambazo hazina kabureta wala pampu ya zamani. Nyingine mpya bloku yake ni ya alumini, haichongeki kama chuma cha zamani, na mafundi wanalalamika kwamba zimetengenezwa zife mara moja tu. Hiyo 2L ya kaka bado inapanda Kimara. Imesimama kwenye 0.50, zimebaki 0.75 na 1.00, na baada ya hapo, slivu.