Kompyuta inaporudi mwaka 1980

Wadau, hapa Mutuini naletewa kompyuta kuukuu zinazogoma: skrini nyeusi, zinataka ubonyeze F1, tarehe imerudi 1980. Mwenyewe tayari ameambiwa anunue mashine nyingine. Ngoja kwanza!

IBM PC ya 1981 ilipangwa kwa swichi ndogo ndani yake. Mwaka 1984 PC/AT ikaleta chipu ya CMOS, yenye saa na mipangilio, inayotegemea betri. Betri ikifa, mashine husahau, na DOS ilianza kuhesabu siku tarehe 1 Januari 1980. Sisi huku huchomoa waya tukiogopa stima (nani asiyeogopa?), basi betri hukesha peke yake. Zima, chomoa, weka CR2032 mpya ya volti 3, ile kama sarafu. Kisha rekebisha tarehe, uhakikishe diski inaonekana, ndipo uhifadhi.