Uzi: Ushuru wa mpakani, na mwaka Kenya ilipokubali kulipa

1/ Kila msimu wa siasa lazima umsikie mtu jukwaani: "Bidhaa za jirani zinatuua, tuzitoze ushuru!" Kabla hujapiga makofi, keti hapa dakika mbili. Mimi si mchumi. Nimekulia karibu na Namanga, na kwetu habari za mpaka tulizijua kwa bei ya unga.

2/ Tuanze 1967. Kenya, Uganda na Tanzania zinaunda Jumuiya. Shida ni kwamba viwanda vingi viko Kenya, kwa hivyo majirani wananunua kwetu kuliko sisi kwao. Mkataba ukawaruhusu kutoza baadhi ya bidhaa zetu, ili viwanda vyao vichanga vipate kupumua. Haikutosha. Manung'uniko yalizidi, siasa ikachochea, na 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka.

3/ Ulifunguliwa 1983. Zaidi ya miaka sita, jameni! Na watu wana ndugu na wateja upande ule.

4/ Mara ya pili tulijifunza. Umoja wa Forodha ulianza 1 Januari 2005: bidhaa za Uganda na Tanzania zinaingia Kenya bila ushuru, lakini baadhi ya zetu zikienda kwao zinalipa, ushuru ukipungua kila mwaka hadi sifuri 2010. Ndiyo, sisi wenye nguvu tulikubali kulipa kwanza. Lakini mwenye kiwanda alijua mwaka kesho atalipa ngapi, na jirani hakuwa na sababu ya kununa.

5/ Sasa linganisha na Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Huo haukuwa ushuru, na sumukuvu si mchezo, inaua. Lakini tangazo lilikuja ghafla, malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, yakawekwa masharti ya ukaguzi. Masharti hayo si yangetangulia?

6/ Kwa hivyo tatizo si ushuru peke yake. Ushuru wa kupatana, wenye kalenda, majirani huuvumilia. Wa kushtukiza hujibiwa, na anayeumia ni mama wa soko na dereva wa lori.

7/ Mgombea akikuahidi ushuru, muulize matatu: Jirani amekubali? Unaanza lini na kuisha lini? Na unga wangu utapanda shilingi ngapi? Akibabaika, umepata jibu.