Uwekevu

Uwekevu (kutoka kitenzi "kuweka") ni tabia ya kutumia fedha na mali kwa busara, bila kuzipoteza, ili zitosheleze mahitaji ya leo na kubakiza akiba ya kesho. Mtu mwenye tabia hiyo huitwa mwekevu.

Uwekevu ni tofauti na ubahili. Bahili hujinyima na kuwanyima wengine hata kilicho cha lazima. Mbadhirifu hutumia ovyo. Mwekevu hutumia penye haja.

Historia ya wazo

Katika karne ya 4 KK, Aristoteli alifundisha kwamba matumizi mema ya fedha yako katikati ya ubadhirifu na ubahili. Kurani (25:67) inasifu msimamo huohuo wa kati, na Biblia (Mithali 6:6-8) inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu anayeweka chakula wakati wa mavuno.

Epikuro (341-270 KK) aligawa matamanio ya binadamu katika mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama chakula cha kuondoa njaa, ya asili lakini si ya lazima, kama vyakula vya anasa, na ya bure, kama hamu ya utajiri na sifa, ambayo haina kikomo. Hakukataza raha: alisema aliyezoea chakula cha kawaida ndiye anayefurahia zaidi karamu inapopatikana.

Bei na gharama

Bei ya kitu si gharama yake yote. Kwa mfano, viatu vya shilingi 15,000 vinavyodumu miezi 4 hugharimu shilingi 45,000 kwa mwaka. Vya shilingi 40,000 vinavyodumu miaka 2 hugharimu 20,000 tu kwa mwaka. Vyombo vingine huongeza gharama ya umeme, mafuta au matengenezo.

Mkopo nao una bei. Huduma ya M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa asilimia 7.5. Kwa ada hiyo, anayekopa shilingi 10,000 hurudisha 10,750. Akikopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake hufikia shilingi 9,000, karibu sawa na mkopo wenyewe.

Starehe ndogo

Kinywaji cha shilingi 1,000 kila siku hufikia shilingi 365,000 kwa mwaka. Hata hivyo, si kila starehe ni hasara. Kahawa ya barazani huleta pia mazungumzo, habari na urafiki. Mchango wa harusi au msiba hudumisha undugu ambao humsaidia mtu siku ya shida. Jambo la kupima ni kama matumizi hayo bado yanaleta furaha, au yamebaki mazoea tu. Kuandika matumizi ya mwezi mmoja husaidia kuona tofauti hiyo. Ndiyo maana ya methali "Mali bila daftari hupotea bila habari".

Mipaka

Uwekevu hauwezi kuziba pengo la kipato kidogo mno. Anayelipwa kwa siku hununua mafuta ya kupikia au mkaa kwa vipimo vidogo, na mara nyingi hulipa zaidi kwa kila lita au kilo kuliko anayenunua kwa wingi. Hafanyi hivyo kwa kukosa busara, bali kwa kukosa fedha za kutosha kwa mkupuo. Upatu, vikundi vya VICOBA na vyama vya SACCOS husaidia kukusanya fedha hizo kidogokidogo.

Kwa upande wa taifa, mwanauchumi John Maynard Keynes alieleza mwaka 1936 kwamba watu wote wakipunguza matumizi kwa wakati mmoja, biashara hudorora na mapato ya wote hupungua.

Tazama pia

Akiba
Bajeti
Kiasi
Ubahili
Upatu