Mipaka ya Misheni na Kura za Gachoka

Barabara ya kutoka mji wa Embu kwenda Kiritiri huteremka upesi. Chai na kahawa za miteremko ya Mlima Kenya hubaki nyuma, joto hupanda, na kabla abiria hajazoea vumbi tayari yuko Mbeere, nchi ya mtama, ndengu na muguka. Gachoka iko njiani humo. Soko lenyewe si kubwa, lakini kwa miaka mingi jina lake lilibebwa na jimbo zima la uchaguzi lililofika hadi Mto Tana, kwenye mabwawa ya umeme. Anayesoma mbao za shule za pande hizi ataona herufi chache kando ya majina: ACK ni shule iliyoanzishwa au kufadhiliwa na Waanglikana, RC ni ya Wakatoliki, DEB ni ile iliyotokana na bodi ya elimu ya wilaya bila kanisa nyuma yake. Mtoto wa Kikatoliki husoma ACK kwa sababu ndiyo iliyo karibu na kwao, na wa Kianglikana husoma RC kwa sababu hiyohiyo. Leo hakuna anayeshangaa. Babu zao wangeshangaa.

Wamisionari Wakatoliki waliotangulia upande huu wa mlima walikuwa Waitaliano wa shirika la Consolata, lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano. Mwaka 1902 walifika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri, na mwaka 1911 wakaingia Meru. Waprotestanti nao hawakulala. Karibu mwaka 1910 CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, kilifungua vituo vya Kabare na Kigari, na hivyo kikajiwekea Embu. Wamethodisti walikwenda Kaaga, Meru, mwaka 1912. Waskoti wa Presbiteri wakachukua Chogoria, ambako daktari Archibald Irvine alihamia mwaka 1922. Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati. Misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kugawana maeneo ili zisinyang'anyane waumini. Mtu wa Embu akawa Mwanglikana, wa Chogoria Mpresbiteri na wa Kaaga Mmethodisti, bila yeyote kati yao kuulizwa anapendelea mafundisho ya nani. Dhehebu lake lilikuwa suala la jiografia kabla ya kuwa suala la imani.

Wakatoliki hawakuwamo katika makubaliano hayo. Kwao, kugawana nchi na Waprotestanti kungekuwa sawa na kukiri kwamba kuna makanisa mawili halali. Kwa hiyo walijenga walipoweza, na ndiyo sababu leo Kyeni, ndani ya Embu ya CMS, ina hospitali inayoitwa kwa jina la Consolata. Kila upande ulimwangalia mwenzake kama mwizi wa kondoo. Katekista wa upande mmoja alifundisha kwamba wale wengine wanaabudu sanamu, wa upande wa pili akajibu kwamba hao wenzao wamelikimbia kanisa la Mitume, na mwanakijiji aliyetaka tu kujua kusoma na kuandika alilazimika kuchagua.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Waprotestanti wenyewe walikuwa kitu kimoja. Juni 1913 wajumbe wa CMS, Waskoti, Wamethodisti na misheni ya AIM walikutana katika kituo cha Waskoti cha Thogoto, Kikuyu, kuzungumzia muungano wa makanisa yao. Askofu Willis wa Uganda aliongoza vikao. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, na wajumbe wasio Waanglikana wakashiriki. Habari ilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston alikuja juu. Weston alikuwa Mwanglikana wa UMCA, misheni iliyothamini sakramenti na mamlaka ya maaskofu karibu kama Wakatoliki wanavyofanya. Aliwashtaki maaskofu wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wametenda uzushi. Uingereza nzima ilijadili jambo lililotendeka katika kanisa dogo la Thogoto. Jibu lililotolewa mwaka 1915 lilikuwa la kusitasita kiasi kwamba wenye kejeli walilifupisha wakisema: tendo lile lilimpendeza Mungu sana, ila lisirudiwe kamwe.

Muungano wa makanisa haukuja. Kilichokuja ni ushirikiano wa misheni uliotiwa saini mwaka 1918, na kutokana nao shule ya Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Wakatoliki nao walijenga yao huko Kabaa, iliyohamia Mang'u baadaye. Viongozi wengi wa Kenya huru walitoka katika mikondo hii miwili. Mwai Kibaki alisoma Mang'u. Jeremiah Nyagah, aliyezaliwa Embu mwaka 1920 na kulelewa na shule za CMS, alisoma Alliance kisha Makerere.

Kabla ya uhuru ulikuja mgogoro wa tohara ya wasichana, na hapa tofauti kati ya pande hizi mbili iliingia majumbani. Mwaka 1929 Waskoti waliwataka waumini wao waape kuiacha desturi hiyo. Chogoria, daktari Irvine alishika msimamo huo bila kulegeza, na sehemu kubwa ya waumini wake ikaondoka. Msukosuko huo ulifika Embu pia, kwa CMS. Mapadre wa Consolata hawakuweka sharti hilo. Wengine walioondoka walikwenda kuanzisha shule na makanisa huru ya Kiafrika, na wengine waliona mlango wa Kikatoliki uko wazi. Si haki kusema Wakatoliki waliitetea tohara. Walichoamua ni kwamba haikuwa sababu ya kumtenga mtu na sakramenti. Kwa hesabu ya waumini uamuzi huo uliwafaa. Kwa hesabu ya wasichana, hukumu yangu ni kwamba Irvine aliona sahihi na akakosea njia: alidai kiapo kwa watu ambao hakuwa amewashawishi.

Hata hivyo, ukilinganisha na jirani yetu Uganda, mlima huu ulikuwa na amani. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki kwenye vilima vya Mengo. Kambi moja iliitwa ya Wafaransa na nyingine ya Waingereza, kwa kufuata misheni. Jeraha lile lilidumu hadi siasa za uhuru, watu wakatania kwamba chama cha DP ni Dini ya Papa. Kenya haikuwa na chama cha Wakatoliki wala cha Waprotestanti. Mpaka uliobishaniwa hapa ulikuwa wa ardhi, na baadaye wa kabila.

Nyagah aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na tangu uhuru hadi 1992 ndiye aliyekuwa mbunge wa upande huu wa Mbeere. Mwaka 1966 alipewa Wizara ya Elimu. Miaka hiyo ndiyo serikali ilipoamua kuzichukua shule za misheni, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikakamilisha kazi hiyo. Makanisa yalibaki kuwa wafadhili: yana sauti katika kamati ya shule na haki ya kulinda mapokeo ya dini, lakini mwalimu ni wa serikali, mshahara ni wa serikali na mlango ni wa kila mtoto. Nakiona kipengele hicho kikavu cha sheria kuwa na uzito kuliko mahubiri mengi ya umoja. Padre hakuweza tena kumnyima kiti mtoto wa Mwanglikana, wala kasisi hakuweza kumlazimisha mtoto wa Mkatoliki abatizwe upya ndipo aendelee na darasa la tano. Makanisa yenyewe baadaye yalikubaliana juu ya muhtasari mmoja wa somo la dini ya Kikristo, na watoto wa pande zote wakafanya mtihani mmoja.

Roma nayo ilikuwa imebadilika. Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyowaita Waprotestanti ndugu waliotengana, na kukiri kwamba ubatizo wao wa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ni ubatizo wa kweli. Matunda yalionekana polepole. Wataalamu wa pande zote mbili walikaa pamoja kuitafsiri Biblia ya Habari Njema kwa Kiswahili, ambayo Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1977.

Hata ramani za maaskofu zilianza kufanana. Mwaka 1975 Waanglikana waliunda dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki chini ya David Gitari, nayo ilitoka Kirinyaga na Embu hadi Marsabit. Mwaka 1986 Wakatoliki waliikata Embu kutoka Meru na kumpa John Njue, mzaliwa wa Kiriari, awe askofu wake wa kwanza. Waanglikana wa Embu walipata dayosisi yao mwaka 1990, na Mbeere yake mwaka 1997, baada ya serikali kuifanya Mbeere wilaya. Kanisa hupenda kujenga pale serikali ilipokwisha kuchora mstari.

Njue alikalia kiti cha Embu mwaka uleule ambao serikali ya Rais Moi ilileta upigaji kura wa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea. Agosti 1986 wachungaji wa NCCK, baraza la makanisa ambalo Wakatoliki si wanachama wake, walitangaza kwamba hawatasimama kwenye foleni hiyo, kwa sababu mchungaji anayejulikana anamuunga mkono nani hawezi kuwachunga wote. Gitari aliukemea utaratibu huo mimbarani, na Aprili 1989 genge likaivamia nyumba yake usiku. Maaskofu Wakatoliki nao wakatoa barua zao za kichungaji. Waliokuwa wakishindana kwa kondoo walijikuta wakimtazama mchungaji mmoja mkubwa Ikulu, na hofu yao ikawa moja.

Kilele kilikuja Desemba 1999. Bunge lilipoidhibiti kazi ya kurekebisha katiba, viongozi wa dini walianzisha mchakato wao wenyewe kutoka Ufungamano House, Nairobi, jengo linalomilikiwa kwa pamoja na Wakatoliki na NCCK. Waislamu na Wahindu waliingia pia. Mwaka 2000 wakaunda tume ya wananchi chini ya Oki Ooko Ombaka, na mwaka 2001 Profesa Yash Pal Ghai akaziunganisha tume mbili, ya dini na ya serikali. Katibu Mkuu wa NCCK wakati huo wote alikuwa Mutava Musyimi, mchungaji wa Kibaptisti aliyewahi kuongoza Nairobi Baptist Church.

Mwaka 2007 Musyimi aliacha ukatibu mkuu, akagombea ubunge wa Gachoka kwa tiketi ya PNU, chama cha Rais Kibaki. Aliyekuwa anakitetea kiti alikuwa Joseph Nyagah, mwana wa Jeremiah, ambaye sasa alikuwa upande wa ODM wa Raila Odinga. Musyimi alishinda. Jimbo lenye Waanglikana wengi na Wakatoliki wengi lilimchagua Mbaptisti, na dhehebu lake halikuwa hoja. Hoja ilikuwa Kibaki au Raila.

Hapo ndipo udhaifu wa umoja huu ulipoonekana. Baada ya uchaguzi nchi iliwaka, na mapema mwaka 2008 NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walichukua pande na wakashindwa kusema kwa sauti moja. Mpasuko haukupita kati ya Roma na warithi wa Luther. Ulipita katikati ya kila kanisa, kwa kufuata kabila, askofu wa Kikatoliki akitofautiana na askofu wa Kikatoliki. Kizazi cha Thogoto kilijadili nani anastahili kumega mkate na nani, na hakikuona hatari hii ikija.

Miaka miwili baadaye viongozi walirudi kusimama pamoja. Njue, ambaye sasa alikuwa kadinali, na wakuu wa NCCK walipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kifungu cha uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipitisha kwa takriban theluthi mbili ya kura. Wakristo wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliwasikiliza maaskofu wao kwa heshima kisha wakapiga kura walivyotaka. Katika uchaguzi wa 2013 jimbo liliitwa Mbeere Kusini, na jina la Gachoka likatoka kwenye karatasi za kura.

Kwenye mazishi ya Mbeere leo, kanisa la marehemu huongoza ibada na kwaya ya kanisa jingine hupewa nafasi ya kuimba. Mama wa Mothers' Union na mama wa chama cha wanawake Wakatoliki huchota maji kwenye tangi moja na kupika kwenye sufuria moja. Kinachobaki kuwatenganisha ni altare. Mwanglikana akihudhuria Misa hukaa kitini wakati wa komunyo, na Mkatoliki haruhusiwi na kanisa lake kupokea kwa Waanglikana. Kingine ni ndoa. Desturi ya kwamba mke humfuata mume kanisani imewaponza wengi, kwa kuwa sheria ya Kanisa Katoliki haiitambui. Tangu 1970 Roma imelegeza masharti ya ndoa mseto: ruhusa hutolewa na askofu, Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe kwake, na mwenzake haapishwi chochote bali huarifiwa tu. Kwa hiyo vijana mnaopendana kutoka pande hizi mbili, nendeni kwa paroko na kwa kasisi kabla ya kutangaza tarehe, si baada ya mbuzi wa ruracio, yaani mahari, kupelekwa.