Mshipi wa Maji Makuu: Uvuvi wa Vilindini katika Historia ya Waswahili na Wakomoro

1. Utangulizi

Historia ya Waswahili na bahari imeandikwa zaidi kwa kufuata uso wa maji. Imeandikwa habari ya majahazi na pepo za kaskazi na kusi, ya bandari na bidhaa zake, na ya watu waliofika na walioondoka. Habari ya kina cha bahari hiyo hiyo haikupewa nafasi kubwa. Hata hivyo, kwa karne nyingi wako watu ambao riziki yao haikutegemea umbali chombo kinakofika, ilitegemea urefu wa mshipi unaoshuka chini yake.

Mhadhara huu unachunguza uvuvi wa mshipi wa vilindini, yaani ule wa kushusha ndoana yenye chambo hadi sakafu ya bahari, katika maji ya makumi au mamia ya mita. Hoja inayojengwa ni kwamba uvuvi huo ulistawi pale ambapo maumbile ya bahari yaliulazimisha, na kwamba maarifa yake yalikaa katika mikono na msamiati wa wavuvi muda mrefu kabla ya wataalamu kuyahitaji. Mfano mkuu unatoka Visiwa vya Komoro, ambako mshipi wa mvuvi mmoja mwaka 1952 uliibua jambo lililoishughulisha dunia nzima ya sayansi.

2. Kutoka mwambani hadi maji makuu

Ushahidi wa kale kabisa wa maandishi unaelekeza kwenye maji mafupi. Periplus ya Bahari ya Eritrea, iliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza B.K., inataja kisiwa cha Menouthias, vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba, mitumbwi ya gogo moja, na mitego ya kusuka iliyowekwa penye mapito ya maji. Msomaji wa leo anayelijua dema hapati shida kuielewa picha hiyo. Katika karne ya 12 al-Idrisi naye aliwataja watu wa Malindi kuwa wavuvi waliohifadhi samaki na kuwafanyia biashara.

Akiolojia imeongeza jambo muhimu. Mifupa ya samaki iliyofukuliwa katika miji ya kale kama Shanga inaonyesha kuwa wakazi wa mwanzo walikula zaidi samaki wa mwambani na wa maji ya karibu. Samaki wa maji ya nje wanaongezeka katika matabaka ya baadaye, hasa kuanzia karibu karne ya 11. Mwaka 2015 kundi la wanaakiolojia na wanahistoria, akiwamo Jeffrey Fleisher, lilichapisha makala iliyouliza ni lini hasa Waswahili walikuwa watu wa bahari. Jibu lao lilikuwa kwamba kuishi kando ya bahari ni jambo moja, na kuyaelekeza maisha yote baharini ni jingine lililokuja polepole.

Sababu moja ni ya kijiografia. Sehemu kubwa ya Mrima na visiwa vyake imezungukwa na miamba, mafungu na maji mafupi. Penye uzio, dema na nyavu za kutosha, mwenye mtumbwi hana sababu ya kuhatarisha roho yake nje ya mwamba.

3. Kazi ya mshipi

Vifaa vya mshipi ni vichache, na uchache huo humdanganya asiyeijua kazi. Kuna mshipi wenyewe, uliokuwa wa nyuzi za mimea kabla ya nailoni kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili; kuna ndoana, chambo, na chubwi, yaani kipande cha risasi au jiwe la kuuzamisha. Kipimo ni pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban mita 1.8. Kwa kipimo hicho, kilindi cha mita 200 ni pima zisizopungua 110. Mvuvi huzihesabu kwa mikono yake wakati wa kushusha, na huzilipa tena kwa mikono hiyo hiyo wakati wa kuvuta.

Anayeanza kazi hii hukutana kwanza na adui asiyeonekana, nao ni mkondo. Mshipi mrefu ukisukumwa na maji hupinda. Urefu uliotolewa si kina tena, na chubwi huelea pasipo mvuvi kujua. Ndiyo maana siku za maji mafu, mvuto wa maji unapopungua, hufaa kuliko siku za bamvua. Ndiyo maana pia nailoni ilibadili mengi: uzi mwembamba haushikwi sana na mkondo, hivyo chubwi jepesi hutosha.

Somo la pili ni la kidole. Katika giza la vilindi jicho halina kazi. Mvuvi husoma sakafu ya bahari kwa mtikisiko unaopanda katika uzi. Mwamba, mchanga na mdomo wa samaki kila kimoja kina mguso wake. Somo la tatu ni la mahali. Kilindi chenye samaki hakina alama juu ya maji, kwa hiyo hukumbukwa kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu, kama vile mti na kilele, au mnara na rasi. Mambo haya hayafundishwi kwa maelezo marefu. Kijana hukaa chomboni na mzee, akaonja mshipi, akakosea, akarudia.

4. Mteremko wa Komoro

Komoro hali ni tofauti na Mrima. Ngazija ni kisiwa cha volkano. Mlima Karthala una kimo cha mita 2,361, na mteremko wake hauishii ufukweni bali huendelea kuzama. Maji mafupi ni kidogo, na vilindi vya mamia ya mita viko mahali ambapo galawa, ndugu ya ngalawa ya Waswahili, inaweza kufika kwa kafi. Hapo mshipi mrefu ukawa hitaji la kila siku.

Usiku, hasa usiku wa giza, wavuvi hutoka kumtafuta nesa, samaki mwenye mafuta mengi akaaye vilindini. Badala ya risasi hutumia jiwe la volkano, lililofungwa kwa fundo linalofunguka mshipi unaposhtuliwa. Jiwe hupeleka chambo chini, kisha huachwa huko, na mvuvi huvuta uzi na samaki bila uzito wa ziada. Ni suluhisho la werevu kwa tatizo ambalo wavuvi wa kisasa hulitatua kwa mashine. Ndoana hizo za usiku mara chache zilimleta samaki mwingine, mzito, mwenye magamba magumu, asiyesifiwa kwa ladha. Wavuvi walimwita gombesa.

5. Karatasi ya lugha tatu

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimwona samaki wa ajabu miongoni mwa waliovuliwa karibu na mto Chalumna. Profesa J.L.B. Smith alimtambua kuwa silikanti, wa jamii iliyodhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, akampa jina Latimeria chalumnae. Kwa kuwa viungo vya ndani viliharibika, Smith alitafuta samaki wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi zenye picha na ahadi ya pauni 100, zilizoandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Lugha hizo tatu zinastahili kutazamwa. Karatasi ilikwenda kuwatafuta wavuvi wa Afrika Mashariki na visiwa vyake, lakini haikusema Kiswahili wala Kikomoro, lugha mbili ambazo Nurse na Hinnebusch katika utafiti wao wa 1993 wanaziweka katika kundi moja la Sabaki. Iliwafikia kupitia wapatanishi. Mnamo Desemba 1952 Ahamadi Abdallah alimvua gombesa kwa mshipi karibu na Domoni, kisiwani Nzwani. Mwalimu wa shule aliyeiona karatasi ndiye aliyemtambua samaki huyo, akapelekwa kwa nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro. Smith alisafirishwa kwa ndege ya kijeshi iliyotolewa na Waziri Mkuu D.F. Malan, akamkuta samaki wake Mayotte.

Smith alimwita samaki huyo Malania anjouanae, jina ambalo baadaye liliachwa ilipothibitika kuwa ni Latimeria yule yule. Hivyo katika majina ya kisayansi walikumbukwa mtunzaji wa makumbusho, mto, waziri mkuu na kisiwa. Mvuvi alipata zawadi yake, na jina gombesa likabaki nje ya mlango. Samaki aliyetafutwa kwa miaka 14 alikuwa tayari na jina la Kibantu, na walikuwako watu waliojua saa na mahali anapoweza kunasa.

6. Maarifa na hasara yake

Maarifa hayo yalithibitishwa tena mwaka 1987, Hans Fricke na wenzake walipomwona silikanti akiwa hai katika maji ya Ngazija wakitumia nyambizi ndogo. Mchana hupumzika mapangoni, hasa kati ya mita 180 na 250. Usiku hutoka kuwinda. Mvuvi wa usiku na samaki wa usiku walikuwa wakikutana kwenye mteremko ule ule.

Hapa pana uchungu usiofichika. Samaki wengi wa vilindini hufa wanapopandishwa kwa sababu hewa katika kifuko chao hupanuka shinikizo linapopungua. Kifuko cha gombesa kimejaa mafuta, hivyo hakipasuki, lakini maji ya juu yenye joto na oksijeni chache humwua vilevile. Mshipi uliomjulisha kwa ulimwengu ndio pia ulioweza kummaliza. Biashara ya kimataifa ya samaki huyo ilipigwa marufuku mwaka 1989, na wavuvi wa Komoro wakahimizwa kuelekea samaki wa maji ya juu.

Pwani ya Tanzania ilifuata njia nyingine. Silikanti alithibitishwa huko mwaka 2003, karibu na Songo Mnara, kisha wengi wakapatikana Tanga. Hawa hawakunaswa kwa mshipi. Walinaswa na majarife yaliyotegwa katika maji marefu. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tofauti hii inarudisha hoja ya mwanzo: Komoro vilindi vilifikiwa kwa mkono uliohesabu pima; Tanga vilifikiwa kwa wavu, ambao hauhitaji kujua kilichoko chini ili kukileta juu.

7. Hitimisho

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala lililobaki ni la lugha. Kamusi zinataja chubwi, pima, bildi na maji mafu, lakini neno lililomo kamusini bila kazi yake ni kama chubwi bila mshipi: uzito upo, ila haupeleki kitu popote. Kipimo cha mkononi kinapoachiwa mashine, msamiati wa kugusa sakafu ya bahari hupungua wasemaji, na hakuna jarife la kuurudisha juu. Karatasi ya Smith ilikosa lugha za wale iliyowahitaji. Utafiti wa leo hauna udhuru huo, maana mtafiti anaweza kukaa chomboni na mzee wa mshipi na kumuuliza kwa lugha yake. Wahenga walisema bahari haishi zinge, na wa kwanza kuliona zinge hilo kwa kawaida ni yule ambaye mshipi umo mkononi mwake.