UZI: Kamukunji ikijaa, nani amehesabu waliobaki nyumbani?

1/ Kila msimu wa kura mtu anarusha picha ya umati hapa na kuandika, "Imeisha hiyo!" Utafiti wa maoni ukitoka, huyo huyo anasema umelipiwa. Wasee, tuangalie historia kidogo.

2/ Eastlands ilikuwa na kipimo chake kitambo: uwanja wa Kamukunji. 7 Julai 1990, Saba Saba, serikali ilipiga marufuku mkutano wa kudai vyama vingi. Watu walikuja tu. Polisi wakawatawanya, fujo zikaenea, watu wakafa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, vyama vingi vikarudi.

3/ Umati ule ulionyesha watu wako tayari kuumia kwa jambo gani. Haukuonyesha ni wangapi nchini wanaowaza hivyo. Anayefika uwanjani amejichagua. Mama mboga aliyebaki kibandani na soja aliye kazini Industrial Area hawamo pichani, lakini kura wanayo.

4/ Na wingi haurekebishi hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest, Marekani, lilituma kadi milioni 10 hivi na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Mgombea lililomtabiri alishindwa vibaya. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, tena wakati uchumi umeanguka. George Gallup alihoji watu wachache sana kuliko hao, akapatia.

5/ Utafiti nao una mipaka. Ukihoji watu 2,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jibu linaweza kupanda au kushuka kama asilimia 2. Urais wa 2022 uliamuliwa kwa 50.49 dhidi ya 48.85! Tafiti nyingi za mwisho zilimweka mbele aliyeshindwa.

6/ Ndiyo maana kuna sheria tangu 2012. Anayechapisha utafiti wa uchaguzi lazima aseme nani aliuagiza, wangapi walihojiwa na waliulizwa nini. Siku 5 kabla ya kura, hakuna kuchapisha.

7/ Hii si hesabu ya darasani. Mwaka 2007 kila upande ulikuwa na uhakika umeshinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Baadaye Tume ya Kriegler ikasema haiwezekani kujua nani alishinda.

8/ Kwa hivyo ukitumiwa picha ya Jacaranda imefurika, uliza: na wale waliobaki Umoja, Kayole na Dandora, nani aliwauliza?