Mkuku wa kutweka

Ziwa Tshangalele, mashariki ya mji wa Likasi huko Katanga, nchini Kongo, lilitengenezwa na watu. Mto Lufira ulizibwa huko Mwadingusha ili viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière vipate umeme, na kituo kikaanza kazi mwaka 1930. Bonde lilikuwa tambarare, basi maji yakatandaa. Ziwa ni pana, lina matete na tope, na mahali pengi kina chake ni mita chache tu. Wavuvi hulipita kwa mtumbwi, kasia na pondo. Chombo cha tanga nacho kingelifaa sana ziwa hili, ila kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo istilahi ninayoieleza hapa.

Upepo ukipiga tanga kutoka ubavuni, huisukuma mashua mbele na pia huitupa kando. Kinachozuia isitupwe kando ni mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mataruma. Kadiri mkuku unavyoshuka ndani ya maji ndivyo mashua inavyoweza kwenda mbisho, yaani kuukabili upepo kwa kukata huku na huku. Lakini mkuku mrefu ukiingia Tshangalele utachimba tope na kukwama kabla ya safari kuanza. Mashua isiyo na mkuku wa maana, nayo, itaelea vizuri lakini itakwenda upepo unakotaka tu.

Mafundi wa vyombo walilitatua jambo hili zamani. Hupasua mwanya katikati ya sakafu ya mashua, huujengea sanduku refu ili maji yasiingie, kisha hutia humo bamba la mbao au la chuma. Penye kina hulishusha kwa kamba. Kwenye fungu hulipandisha. Bamba lililofungwa kwa pini upande wa mbele lina fadhila nyingine: likigusa mchanga hujikunja lenyewe kurudi ndani, na nahodha anajua kwamba maji yamekwisha. Lady Nelson, merikebu ya Kiingereza ya mwaka 1798, ilikuwa na mabamba matatu ya kushusha na kupandisha, ikapelekwa Australia kupima pwani.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mashua ya Drascombe Lugger, aliyoibuni Mwingereza John Watkinson katika miaka ya 1960. Urefu wake hauzidi mita 6. Bamba likiwa juu, inahitaji maji ya sentimita 25 hivi, chini ya magoti ya mtu mzima. Likishushwa, hufika mita 1.2. Hupakiwa kwenye tela na kuvutwa na gari la kawaida, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kuilaza uani kwake Likasi na kuishusha ziwani siku ya safari. Wala si chombo cha kuchezea: mwaka 1978 Mmarekani Webb Chiles aliondoka California katika mashua ya aina hiyo, isiyo na sitaha kamili, akavuka nayo Pasifiki.

Kifaransa tulichosomea Katanga huliita bamba hilo dérive, kwa ubaya linaouzuia, yaani kusombwa kando. Waingereza huliita kwa mahali lilipo, katikati. Mimi naliita kwa kazi anayoifanya baharia: mkuku wa kutweka. Pwani tanga hutwekwa na kutuliwa. Bamba nalo hutwekwa na kutuliwa kwa kamba, na mkono ni uleule. Wanaopendelea kuiita mashua yenye bamba hilo "mashua ya tela" wanaitaja barabara na kuyasahau maji, maana hata boti ya injini hupanda tela.

Istilahi hii isifiche gharama zake. Sanduku hula nafasi ya abiria, na pembe zake ndipo mashua inapovuja kwanza. Kokoto zikiingia kwenye mwanya, bamba hukwama. Zaidi ya hayo, bamba la mbao ni jepesi, haliwezi kuisimamisha mashua iliyolala kama ufanyavyo mkuku mzito wa risasi. Ngalawa ya pwani hutegemea matengo yake. Mashua hii hutegemea abiria wake, ambao lazima wahamie upande upepo unakotoka.

Ndugu fundi seremala wa Likasi, ukiletewa mchoro wenye neno dérive, andika kando yake mkuku wa kutweka, na anza kazi yako kwa kuliziba vizuri lile sanduku.